Si Mbuzi Aliyekohoa

Kitu cha kwanza: mkojo wako utakuwa mwekundu kama Fanta. Usishtuke kama nilivyoshtuka mimi, usimwite mama yako mlangoni mwa choo. Ni dawa. Hakuna aliyeniambia, au labda waliniambia nikiwa sisikii, maana siku ile muganga wa kituo cha afya alipotaja kifua kikuu, masikio yangu yaliziba. Ndiyo sababu naandika. Kama leo umepewa pakiti ya vidonge na unarudi nyumbani ukitazama chini, haya ni yako.

Naitwa Kavira. Nasoma sekondari hapa Masisi centre. Mimi si mtu wa kusema. Mwalimu akiniuliza, jibu ninalo, lakini linasimama kooni mpaka anapita kwa mwingine. Wanafunzi wenzangu walishazoea, wanasema, "Muache, huyo anaongea na kalamu." Ni kweli. Tangu shule ya msingi naandika mambo ya siku kabla ya kulala. Lakini mambo ya ugonjwa sikuyaandika wakati ule. Nilikuwa naona nikiyaandika yatakuwa kweli zaidi.

Papa wangu alitoka Butembo na biashara kabla sijazaliwa. Ana butiki kando ya barabara: chumvi, sabuni, sukari, unga, mafuta ya mawese yanayotoka Walikale, sambaza kavu, vile visamaki vya ziwani, zinazopanda kutoka Bweremana kupitia Sake. Unahitaji kujua jambo moja juu ya butiki yetu ili uelewe yaliyofuata. Sukari na unga tunapima kwa kikombe, mkono unaingia ndani ya gunia. Mteja anatazama ule mkono. Akisikia kwamba nyuma ya pazia kuna mtu anayekohoa damu, hatarudi.

Kikohozi kilianza wakati watu wanapanda maharage. Hapa kwetu juu baridi ni ya kila siku, na mvua ikianza kila nyumba inakohoa, kwa hiyo hakuna aliyejali. Mama alinichemshia majani ya mkaratusi na kunipa asali. Nilikohoa mpaka maharage yakaota, yakapanda miti yake, yakatoa maua. Usiku niliamka nimelowa jasho, na mdogo wangu Gloire, aliyekuwa analala nami kitanda kimoja, alilalamika asubuhi: "Mama, Kavira anakojolaka ku mugongo." Tulicheka. Sketi ya shule ilianza kuzunguka kiunoni, nikaifunga kwa pini moja, baadaye kwa pini ya pili. Halafu siku moja, katika somo la kemia, nilitazama kitambaa changu baada ya kukohoa, nikakikunja haraka na kukiweka mfukoni. Sikusikia tena neno la somo lile.

Kule kituoni kuna benchi ya nje, mbali kidogo na benchi za wengine. Hakuna aliyeandika juu yake ni ya nani, lakini ukikaa pale watu wanajua. Wanakupa kikopo kidogo chenye kifuniko na kukuambia uende nyuma ya nyumba, utoe makohozi kutoka chini kabisa, si mate. Mimi ambaye siwezi hata kupiga chafya mbele ya watu. Nilisimama pale nyuma na kuku wa mlinzi wakinitazama, nikashindwa, nikarudi na kikopo kitupu, nikarudishwa. Mara ya pili niliwafukuza kuku kwanza.

Majibu yalipotoka, Papa alikuwa amekuja kunichukua. Alimsikiliza muganga akiwa amevua kofia. Miezi sita ya dawa, muganga alisema. Kila asubuhi nije nimeze mbele yake. Akanigeukia mimi, si Papa: "Utasikia nguvu imerudi, utafikiri umepona. Usiache. Ukiacha katikati, ugonjwa utarudi na hizi dawa hazitauweza tena. Watu wanakufa hivyo, si kwa kukosa dawa. Wanakufa kwa kuacha." Kisha akatuambia tufungue madirisha, na kwamba baada ya majuma ya kwanza ya dawa sitaambukiza mtu. Gloire akapimwa, akapewa vidonge vyake vya kujikinga.

Njiani Papa alisema jambo moja tu. "Hakuna muntu atajua."

Nilihamishiwa depo, chumba cha nyuma tunapoweka magunia. Papa mwenyewe aling'oa mbao mbili za ukuta ili hewa ipite. Mama alinipa sahani yangu, na kikombe changu akakipaka alama ya rangi nyekundu ya kucha. Alirudia kupaka mara mbili, alama ikawa kubwa kuliko alivyotaka. Gloire alilia jioni kadhaa mlangoni mwa depo: "Nifungulie, sikusemi tena mambo ya mugongo." Nililala nikiwa nimeegemea gunia la chumvi. Chumvi ina baridi, ukitaka kujua.

Asubuhi nilikwenda kituoni kwa njia ya nyuma ya soko, kichwa nimekifunika kwa kitambaa cha kikwembe mpaka machoni. Vidonge ni vikubwa. Majuma ya kwanza nilitapika mara nyingi, viungo viliniuma kama mama mzee, na ngozi ikaniwasha. Halafu njaa ikaja. Njaa ile sijui niieleze vipi. Nilikula fufu na sombe ya majani ya muhogo, nikala tena, nikaota nakula. Mama alikuwa anasimama kando ya chungu akinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu maua ya maharage nilimwona anatabasamu.

Kwenye benchi ile nilimkuta Mama Bauma. Ni mkulima kutoka upande wa Lushebere, analima maharage na muhogo kwenye mlima, anaimba katika kwaya ya kanisa lao la Kiprotestanti. Alikuwa na ugonjwa uleule, ameanza dawa karibu na wakati wangu. Lakini yeye alikuja kwa barabara kubwa, akisalimia kila mtu, buti zake zina udongo mpaka magotini.

"We mutoto," aliniambia siku ya kwanza, "umejifunika hivyo unaenda kuiba?"

Nilivuta kikwembe chini zaidi.

"Ao uko bibi-arusi?"

"Hapana, Mama."

"Aa, kumbe iko na sauti. Miye nilisema labda ugonjwa ilikula mpaka ulimi. Umeshaona Fanta?"

Nilielewa anasema nini, nikacheka kabla sijajizuia, na kicheko kikageuka kikohozi. Alingoja kiishe. Hakujisogeza.

Tangu siku hiyo tulikaa pamoja. Yeye alisema, mimi nilisikiliza. Alisema juu ya panya wanaokula mihogo, juu ya mume wake anayeogopa vidonge kuliko yeye mwenyewe, juu ya kwaya iliyomweka mtu mwingine kwenye sauti yake. Na alisema juu ya Mungu kama anavyosema juu ya jirani. Asubuhi moja, ameshika vidonge mkononi na kikombe cha maji, aliniuliza: "Weye ulishamukaribisha Yesu mu moyo?"

Nilimwambia sisi ni Wakatoliki, tunampokea kwenye komunyo.

"Ile najua. Nakuuliza weye. Ulishamuambia, 'Ingia'?"

"Nikipona kwanza," nilisema. "Sasa niko mubaya. Hata kusali siwezi, nakasirika tu."

Mama Bauma alimeza vidonge vyake, akakunja uso, akafuta mdomo. "Sikia. Muntu akifika kwako na uko mu shamba, mikono yote udongo, utamuambia, 'Rudia kesho nioge'? Unamuambia aingie, njo unaenda kutafuta maji. Yeye alishaona ile udongo tangu kule mu njia."

"Na hizi dawa? Ku kanisa yenu hawasemi muntu akiokoka aache dawa?"

"Iko wanaosema. Mumoja alinifuata mpaka nyumbani, eti kama Yesu ameingia, vidonge ni ya nini. Nilimuambia Yesu iko mu moyo, vidonge iko mu tumbo, hawagombane." Alicheka mwenyewe. "Aliondoka bila kunywa chai."

Nilienda nyumbani nikiwaza. Kwetu mgeni hachukuliwi hivyohivyo. Kwetu unafagia, unapaka udongo mweupe ukutani, unatandika kitambaa, ndipo unafungua mlango. Niliona haiwezekani Mungu apokelewe kwa adabu ndogo kuliko shangazi kutoka Butembo.

Miezi miwili ya kwanza ilipita. Walinipima tena, kikopo kikawa safi, wakanibadilishia vidonge, vikawa vichache. Pini moja ya sketi nikaitoa. Barabara ya Sake ilifungwa kwa ajili ya vita, ikafunguliwa, ikafungwa. Siku zingine tulisikia milio ya masasi upande wa pili wa mlima, na dawa za kituo zilipanda kwa pikipiki kupitia matope. Lakini zilifika. Nilianza kuhesabu kwa misimu: nitamaliza wakati maharage mengine yanavunwa.

Halafu mteja mmoja alimwuliza Papa, akiwa anapimiwa sukari, "Ile siku nilimuona binti yako ku benchi ya nje kule kituoni. Ao nilimufananisha?"

Jioni Papa alikuja depo. Hakuketi. "Umeshapona," alisema. "Unakula kutushinda wote. Kesho usiende."

"Papa, muganga alisema…"

"Muganga hana butiki. Na siku ya Mungu msalaba unafika hapa. Watu watajaa mu nyumba. Nataka waone nyumba isiyo na mugonjwa."

Siku ya Mungu ni Jumapili, lakini msalaba huo lazima niueleze. Katika shirika letu, yaani jumuiya ya nyumba chache za Wakatoliki wanaosali pamoja kila juma, tuna msalaba wa mbao unaozunguka. Unakaa kwenye nyumba moja juma zima. Siku ya kuupokea, shirika lote linakuja kusali kwenu. Juma likiisha, ninyi mnaubeba kwa nyimbo mpaka nyumba inayofuata. Tulishapitisha zamu yetu mara moja, Papa akasema tunatengeneza paa. Kupitisha mara ya pili kungeleta maswali.

Basi asubuhi iliyofuata sikwenda. Nilimtazama Mama. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta mchele ambao ulishakuwa safi. Asubuhi nyingine pia sikwenda, na nyingine. Nilikaa depo wakati ule ambao kila siku nakuwa nameza, na nilihofu kuliko siku ya damu. Siku ya damu sikujua kitu. Sasa nilijua kabisa: wanakufa kwa kuacha. Nilipanga maneno ya kumwambia Papa. Niliyaandika hata. Nilipomwona, yalisimama kooni.

Siku ya msalaba Mama aliamka kufagia. Alipaka ukuta wa salo, pale wageni wanapokaa, udongo mweupe mpaka kwenye pembe. Alitandika kitambaa alichofuma mwenyewe, akapanga maua ya plastiki, akaazima viti. Nyumba ilipendeza. Walipokaribia, tukasikia nyimbo barabarani, akanishika mkono. "Mama yangu," ndivyo anavyoniita akiwa na huruma, "uende ku kuzine kwanza. Uangalie maharage. Usikohoe, sawa?"

Jiko letu ni kibanda cha mbao nyuma, ukuta wake mmoja unagusana na salo. Nilikaa kwenye kigoda. Mvua ilianza, moshi ukagoma kutoka. Kupitia nyufa za mbao nilisikia kila kitu: miguu ikipanguswa mlangoni, viti vikivutwa, Papa akisema "Karibuni, karibuni" kwa sauti yake ya wateja wakubwa. Nilisikia Papa Katembo, kiongozi wa shirika, akiweka msalaba juu ya meza. Walifunga dirisha kwa sababu ya mvua. Rozari ikaanza.

Nitakuambia ukweli, maana ndicho nilichoahidi. Sikusali. Nilikasirika. Niliwaza: Yeye ameingia kwa mlango wa mbele na mimi nimetolewa kwa mlango wa nyuma ili apate nafasi. Nyumba imefagiwa vizuri, na uchafu uliofagiwa ni mimi. Nilitazama mikono yangu, ilikuwa na majivu. Machozi yalinitoka kwa moshi na kwa hasira, sijui kipi zaidi, na nikamkumbuka Mama Bauma na buti zake.

Nikasema polepole, kwa kweli ni midomo tu iliyosogea: "Bwana, kule salo wamejaa. Mimi niko huku. Huku hakuna kiti, kuna moshi, na mimi niko na hasira na wewe. Kama unaweza kuingia hivyo, ingia."

Wengine wanasimulia kwamba walisikia joto, au waliona mwanga. Mimi sikuona kitu. Maharage yaliendelea kuchemka. Nilingoja kidogo, nikaongeza maji kwenye chungu, nikaona labda ndivyo ilivyo. Mtu akiingia kwako, kwanza anaketi tu.

Ndipo kikohozi kikaja. Nilijaza kikwembe mdomoni. Kilipita kila mahali, kikatoka.

Kule salo Salamu Maria ilikatika. Sauti ya Mama Kahambu, jirani wa nyumba ya pili, ikauliza: "Nani njo anakohoa vile?"

Papa akajibu haraka, "Ni mbuzi. Iliingiwa na baridi."

"Mbuzi iko mu kuzine?"

"Tuliifunga kule ju ya mvua."

Mtu mmoja akacheka kidogo. Papa Katembo akasema, "Pole kwa mbuzi. Tuendelee." Wakaendelea.

Siwezi kueleza vizuri kilichotokea ndani yangu. Sikumchukia Papa. Niliisikia sauti yake, ilikuwa ya mtu anayezama. Lakini nilikuwa nimetoka tu kumwambia Mungu, ingia, na sasa katika nyumba hiyohiyo nimeitwa mbuzi mbele ya msalaba wake. Kama ameingia kweli, basi yuko hapa jikoni amesikia pamoja nami. Na kama nikinyamaza leo, kesho pia sitameza, na kesho kutwa. Nilifikiri: nitakufa kwa aibu, si kwa kifua. Nikasimama.

Nilipita uani kwenye mvua. Sikuingia. Nilisimama kwenye kizingiti cha salo, kikwembe mdomoni, nguo inadondosha maji juu ya sakafu ambayo Mama alikuwa ameifagia. Walikuwa wamefika kwenye nia, pale kila mtu anasema anachoombea. Mama Kahambu alikuwa anaombea safari. Aligeuka mlangoni.

"Papa, si mbuzi," nilisema. "Ni miye."

Papa alitazama meza. Gloire tu ndiye aliyefurahi, alisema kwa sauti, "Njo Kavira huyu," kama vile kuna mtu asiyenijua.

Jibu langu safari hii halikukwama. Lilitoka baya, limekatikakatika, lakini lilitoka. "Niko na kifua kikuu. Niko nameza dawa, sasa siambukize. Nimeacha siku kidogo. Sitaki kuacha. Nia yangu ni… munisaidie nimalize."

Mvua ilipiga mabati. Mama Kahambu alivuta kikwembe chake akafunika pua. Mtu mmoja karibu na dirisha alilifungua. Nilisubiri kufukuzwa, au kuombewa kwa kelele. Papa Katembo alipangusa miwani yake kwa shati, akaivaa tena.

"Ee Bwana," akasema.

"Utusikie," wakajibu, si wote.

"Nani mwingine iko na nia?"

Hivyo tu. Nikaona Mama amesimama kutoka kwenye kiti chake. Nilidhani anakuja kunitoa. Alikuja akasimama kando yangu kwenye kizingiti, nusu mvuani, akashika mkono wangu wenye majivu, mpaka sala ikaisha.

Wengine waliondoka bila kunywa chai. Usiku ule sikulala vizuri. Asubuhi nilivaa, nikachukua njia ya nyuma ya soko kama zamani. Nilisikia filimbi. Papa huwa hapigi kelele kuita mtu, anapiga filimbi kwa midomo. Alikuwa amesimama mbele ya butiki, imefungwa bado, na mwavuli mkononi.

"Huku njo barabara," alisema.

Tulipita barabara kubwa, mbele ya wauza mikate, mbele ya vijana wa pikipiki, mbele ya butiki zingine za watu wa Butembo wakifungua milango. Waliokuwa wanamsalimia aliwasalimia. Tulipofika kituoni aliketi nami kwenye benchi ile ya nje, mwavuli katikati ya magoti, na muganga alipotoka, Papa alivua kofia, akasema, "Siku aliacha, kosa ni yangu." Muganga alikuwa mkali, akasema siku zile zitalipwa mwishoni. Nilimeza. Papa alitazama koo langu likimeza, na baadaye akageuza uso.

Mama Bauma alikuwa ameshasikia. Hapa habari hutembea haraka kuliko pikipiki. "Kumbe," alisema, "muda yote nilikuwa nameza dawa na mbuzi." Papa aligeuka kumtazama, na mimi niliogopa. Lakini bega lake lilianza kutikisika. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona Papa anacheka mpaka anajifuta macho.

Sitakudanganya kwamba yote yalikuwa mazuri. Butiki ilipoa. Kuna asubuhi Papa alikaa nyuma ya meza bila mteja mpaka jua likakaa juu. Wenzangu wawili wa shule walihama kutoka kwenye dawati langu. Mama Bauma alikuja kutoka Lushebere kununua chumvi, akaitisha kwa sauti ya kwaya ili barabara nzima isikie, akaingiza mkono wake mwenyewe kwenye gunia. Polepole wengine walirudi. Wengine hawajarudi mpaka leo.

Na msalaba ulibaki. Juma lilipoisha, tulipaswa kuubeba mpaka kwa Mama Kahambu. Alituma habari kwamba nyumba haijawa tayari. Juma lililofuata pia haijawa tayari. Alikuwa anapaka ukuta, alikuwa na wageni, alikuwa anasafiri. Papa Katembo alikuja akiwa na haya, akasema tuendelee tu kuutunza. Mama alingoja kidogo, halafu siku moja aliuondoa kwenye kitambaa chake cha salo, akaupeleka depo na kuuegemeza kwenye gunia la chumvi. "Ukae na mwenyewe," alisema, akinionyesha mimi kwa kidevu.

Kwa hiyo ulikaa nami miezi yangu iliyobaki ya dawa. Sikuwa nasali sana mbele yake. Asubuhi zingine niliamka bila nguvu wala hamu, vidonge vinanichosha kuviona, nikauambia, "Twende basi," na nikaenda. Nikirudi nilikuta bado uko pale. Nadhani ndivyo nilivyojua kwamba siku ile jikoni nilijibiwa. Si kwa sababu nilisikia kitu. Kwa sababu baada ya pale sikuamka tena nikijiona niko peke yangu, hata siku mbaya, na sikuacha tena hata asubuhi moja.

Nilimaliza wakati maharage yanavunwa, kama nilivyopanga, pamoja na zile siku za kulipa. Kikopo cha mwisho kilikuwa safi. Pini ya pili ya sketi niliitoa nikampa Gloire, ambaye amerudi kitandani kwangu na bado anapiga mateke.

Siku ya Mungu iliyofuata Papa alisema msalaba utabebwa. Hakutuma mtu kuuliza kama nyumba iko tayari. Shirika likaimba, na mimi nikaubeba. Ni mzito kuliko unavyoonekana. Zamani nisingeweza kupanda mwinuko wa kwenda kwa Mama Kahambu bila kupumzika. Nilipanda nikipumua kwa pua, mdomo umefungwa.

Mama Kahambu alikuwa mlangoni. Nyuma yake niliona ukuta uliopakwa nusu, ndoo na ufagio chini. Alishika pembe ya kikwembe chake, na nilifikiri atakivuta puani. Alikishika tu.

"Kavira," alisema chini, wengine wasisikie, "niliogopa, mutoto. Niko na wajukuu."

"Na miye niliogopa, Mama."

"Na sasa ona, nyumba haiko tayari."

Nilikuwa na jibu, nikalisema. "Haiko kitu. Ku kwetu Bwana aliingia mu kuzine."

Alinitazama. Kisha akausogeza ufagio kwa mguu, akapokea upande mmoja wa msalaba, mimi nikabaki na upande mwingine, tukaingia hivyo.

Nimeandika mengi kwa mtu asiyesema. Wewe mwenye pakiti mpya, kesho asubuhi pita barabara kubwa. Ukikuta mtu kwenye ile benchi ya nje, kaa karibu naye. Na yule mwingine, aliyeingia jikoni kwetu, usimngojeshe mpaka upone. Mwambie tu mahali ulipo.